Anwani Tuliyoiimba

Anwani yenyewe sitaiandika hapa. Ya kweli siiandiki kwa sababu si kazi yangu kuitangaza, na ya uongo siiandiki kwa sababu naiogopa. Mtu akiniambia kwamba mambo ya kwenye simu hayana meno, namwachia imani yake. Mimi nimeona yanavyouma.

Nashona nguo Kansanga, kwenye kibaraza cha duka la vipodozi, hatua chache kutoka barabara ya Ggaba. Nilikuja Kampala kutoka mashariki ya Kongo pamoja na dada yangu mkubwa, ambaye kwa desturi ya kwetu namwita yaya, na watoto wake. Mume wake tulimzika mbio mbio, udongo haujakauka tukawa tumeshaondoka. Wateja wangu ni wanawake wa Kikongo wanaotaka mabega ya nguo yasimame juu kama paa la nyumba, na Waganda wachache wa gomesi, yale magauni yao ya heshima. Yuko pia askari polisi mmoja, mwanamke mrefu kutoka kaskazini ya Uganda, anayeniletea suruali zake za kazi nizipunguze kiuno au nizipanue, kulingana na mwezi. Huyo mkumbukeni, maana bila yeye leo nisingekuwa na la kusimulia ila kilio.

Sisi wakimbizi tuna neno moja linalotulaza na kutuamsha: kesi. Si kesi ya mahakama. Ni maombi ya kupelekwa nchi ya mbali, kule ambako wanasema watoto wanasoma bure na hakuna mtu atakayekujia mlangoni kukuuliza mume wako alificha nini. Yaya alikuwa na kesi. Alihojiwa, akapigwa picha, akapewa namba, akaambiwa angoje. Akangoja mpaka mtoto wake wa kwanza akaota ndevu. Mimi sina kesi ya maana, nina cherehani, na kwa kweli nilikwisha kata tamaa ya ndege. Lakini yaya alikuwa akisikia ndege ikipita kuelekea Entebbe, anaacha alichoshika na kutazama juu. Nilikuwa namcheka. Sasa simcheki.

Wimbo ulianza hivi. Jumapili moja, kijana mmoja wa ile ofisi inayoshughulikia kesi alikuja kanisani kwetu, akasimama mbele, akatuomba tuache kujipanga getini kwao tangu alfajiri. Alisema kila mtu anaweza kutazama kesi yake kwenye simu. Unaandika anwani, unaweka namba yako na tarehe ya kuzaliwa, unaona umefika wapi. Akaiandika ile anwani ubaoni kwa chaki. Wanawake wakaitazama kama mtu anavyotazama bei ya gari. Wengi wetu hatukusoma sana, na wanaosoma walisoma kwa Kifaransa. Mmoja akauliza tutaikumbuka vipi.

Mwalimu wetu wa kwaya akasema, "Tutaiimba."

Ndivyo tunavyofanya sisi. Zaburi tumezijua kwa kuimba, namba za simu za wachungaji tunaziimba, hata dawa ya malaria na saa zake kuna mama aliitungia wimbo. Mwalimu alifuta jasho, akasimama mbele ya ubao, akaanza kuzitaja herufi moja moja huku mguu wake ukigonga sakafu. Ikawa tamu. Tatizo likawa sehemu moja: mstari ulipungua pigo. Mguu ukifika chini, herufi hakuna. Akaijaribu tena, akakunja uso. Ndipo mama mmoja wa sauti ya pili, mnene, mwenye kicheko cha kuamsha waliolala wakati wa mahubiri, akairudia herufi moja na kupiga kofi juu yake. Mstari ukakaa sawa kama pindo lililopigwa pasi. Sote tukashangilia. Kwenye wimbo, kurudia si kosa. Nani angefikiri kwamba kwenye simu herufi moja ya ziada ni nyumba nyingine kabisa?

Mimi siku ile nilipona kwa bahati tu, si kwa akili. Baada ya ibada nilimkimbilia yule kijana nikamwomba aniandikie mwenyewe kwenye simu yangu, kwa sababu vidole vyangu vimezoea sindano na havipendi vioo. Akaandika, akaihifadhi, akaniambia niwe nabonyeza hapo hapo. Sikuwahi kuiandika kwa mkono wangu. Niliiimba tu, kwa sauti ya juu, na kofi nilipiga pamoja na wenzangu.

Walioiandika kama ilivyoimbwa hawakupata kitu. Kioo kilikuwa kinabaki cheupe, au kinasema ukurasa haupatikani. Walisema ni mtandao, walisema ni simu mbovu, na mimi ambaye yangu ilifunguka niliamini hivyo hivyo. Wengine walirudi kujipanga getini. Wimbo tuliendelea nao, sasa kwa furaha yake wenyewe. Watoto waliuimba wakiruka kamba, wasusi waliuimba saluni, mchoma mahindi wa pale kona alikuwa akiupiga mluzi bila kujua ni kitu gani.

Kisha siku moja ukurasa ukafunguka.

Yaya alinijia kibarazani mchana, ametoka kwenye biashara yake ya mboga hata aproni hajaivua. "Mudogo, imefunguka. Ile ya wimbo, leo imefunguka."

Nikaacha kushona. Ukurasa ulikuwa mzuri, rangi ya bluu ile ile ya kwenye simu yangu, picha ya familia inayotabasamu. Uliomba namba ya kesi na tarehe ya kuzaliwa, kama tulivyoambiwa. Halafu ukaendelea kuomba. Unaishi wapi, mtaa gani, geti lina rangi gani. Unaishi na nani. Watoto wana umri gani, wasichana wangapi, wanasoma wapi. Nani mwingine anajua kwamba una kesi. Yaya alijibu yote, akisema kila jibu kwa sauti kabla ya kuliandika. Alisema sasa ndiyo anaona kuna mtu anayejali, maana kule getini hawajawahi kumuuliza hata watoto wamekula nini. Nami nilikaa pale nikimsaidia kutafuta herufi, nikafurahi naye. Uso wake ulikuwa umerudi kama wa zamani, kabla ya vita.

Simu ilikuja baada ya siku chache. Mwanamume, sauti ya upole, Kiswahili cha kwetu kabisa, cha kusema batu na bintu badala ya watu na vitu. Alianza kwa kumsifu Yesu. Akamwita yaya kwa namba ya kesi yake, akataja watoto kwa umri wao, akasema wamekubaliwa. Alhamisi aende na watoto wote, na karatasi zote za asili, kwenye nyumba moja Mbuya, kwa ajili ya kupimwa afya. Na asimwambie mtu, kwa sababu wapo wenye wivu ambao wameharibu kesi za wenzao kwa maneno.

Hilo la mwisho ndilo lililonikaba baadaye. Lilikuwa limetujua. Sisi kwa kweli tunaoneana wivu wa kesi. Mtu akipata tarehe ya ndege anaificha mpaka kwenye mlango wa basi. Yule mtu hakulazimika kutufundisha kunyamaza, alitukuta tumeshanyamaza.

Yaya hakuweza kunificha mimi. Alikuja jioni ile ile na sufuria yake kubwa, ile ya kupikia ugali wa sherehe, akaiweka miguuni pa cherehani. Nikajua bila kuambiwa. Kwetu mtu anayesafiri hauzi vyombo. Anavigawa, na anavigawa kwa uzito: sufuria kubwa kwa ndugu wa damu, kinu kwa jirani aliyemstahimili, vikombe kwa yeyote. Ukiona sufuria inatembea, mwenyewe anaondoka.

"Usimwambie mutu," alisema. "Alhamisi, siku ya ine, tunaenda kupimwa. Mbuya."

"Mbuya kuna nini?"

"Mbuya kuko basoda. Mahali ya serikali vile, mwizi atafungua duka kule?"

Nilimkumbatia nikalia, kwa furaha na kwa uchungu wa kubaki peke yangu. Mahali pale pana majumba ya watu wakubwa na wanajeshi wa kutosha, na mimi pia niliona ni jambo la heshima kuitwa huko. Wiki hiyo hiyo mteja mmoja alinisimulia kwamba kuna mama nyuma ya kanisa ameshagawa kinu chake. Nikasema kwa mzaha kwamba mwaka huu Mungu ameamka. Sikuunganisha.

Kilichonifungua macho hata hakikuwa werevu. Siku mbili kabla ya Alhamisi, yaya aliniachia simu yake niichaji, kwa sababu kwao umeme ulikuwa umekatika. Nilikuwa namkumbuka kabla hajaondoka. Nikashika simu yangu, nikabonyeza pale ambapo yule kijana wa ofisi aliniwekea, nikaweka namba ya kesi ya yaya, ambayo naijua kama jina langu. Nilitaka kuliona lile neno la kukubaliwa kwa macho yangu, nifurahi tena kidogo.

Simu yangu ikasema: inaendelea kushughulikiwa.

Nikachukua ya yaya. Ile ikasema: hongera.

Niliziweka simu zote mbili juu ya meza ya cherehani, moja kulia, moja kushoto. Bluu ile ile. Familia ile ile inayotabasamu. Nikafikiri labda yangu imechelewa kupata habari. Nikaifungua upya, ikarudia neno lake. Ndipo nikatazama juu kabisa, kwenye ule mstari mdogo ambao hakuna mtu anautazama, nikaweka ncha ya sindano chini ya kila herufi, huku na huku. Zilikwenda pamoja vizuri mpaka katikati. Hapo ya yaya ikawa na herufi mbili mahali ambapo yangu ilikuwa na moja.

Mdomo wangu ulianza kuimba wenyewe, polepole, na nilipofika pale mkono ukapiga kofi.

Sijui niwaelezeje hofu ile. Haikuja kwa kishindo. Nilifikiria geti la yaya, rangi yake tuliyoitaja kwa sauti. Nilifikiria shule ya watoto. Nilimfikiria binti yake wa pili, ambaye ameanza kuvunja ungo, na jinsi ule ukurasa ulivyouliza wasichana ni wangapi. Kila kitu tulichokimbia kukificha kwa miaka, tulikuwa tumekiandika wenyewe na kumpa mtu tusiyemjua, naye hakulazimika hata kutushikia panga.

Kulikuwa na kijana anayetengeneza simu ndani ya duka la vipodozi, nyuma ya mafuta ya nywele. Nilimuuliza inawezekanaje anwani iliyokuwa haifunguki ifunguke. Alinijibu bila kuinua kichwa kwamba anwani isiyo na mwenyewe ni kama kiwanja kitupu, yeyote anaweza kukinunua. "Wao naangalia wapi watu napotea," alisema, "nanunua hapo hapo, najenga nyumba inafanana." Alisema mambo hayo hufanyika kila siku, kwa mabenki, kwa vyuo, kwa kila kitu. Alisema kama mtu anayeeleza mvua.

Basi mtu alikuwa ameona tunapopotea. Lakini aliona kutoka wapi? Hilo ndilo lililokuja kuninyima usingizi. Labda ni mtu wa mbali sana, mwenye mashine inayohesabu makosa ya dunia nzima. Labda alikuwa anapita tu Kansanga akasikia watoto wanaruka kamba. Au alikuwa amekaa kwenye benchi la kanisa, akipiga kofi pamoja nasi. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi mshona nguo nilianza kuogopa kila kola.

Jioni ile ile nilimpelekea yaya simu zote mbili. Alizitazama muda mrefu. Kisha akaigeuza yangu uso chini.

"Yako ndiyo ya uongo," akasema.

"Yaya, yangu aliiweka mwenyewe wa ofisi."

"Na yangu imeniitika. Yako imekuambia nini hii miaka yote? Ngoja, ngoja, ngoja. Unataka ningoje mupaka nikufe?" Akasimama. "Aliniambia kutakuwa batu ba wivu. Sikujua atakuwa weye."

Neno lile liliniuma kuliko kofi. Ningemjibu vibaya, ninao ulimi na yeye anaujua, lakini niliona mikono yake. Alikuwa ameikunja kifuani kama anayeshika mtoto asinyang'anywe. Mfa maji haachi kutapatapa, na mimi nilikuwa ninajaribu kumnyang'anya gogo. Nikaondoka bila kuaga.

Nilikwenda moja kwa moja kwa yule mteja wangu, askari. Nilimkuta kwake anafua, watoto wake wanakula mihogo. Nilimweleza yote. Alisikiliza huku akikamua shati, na alipomaliza kulikamua alikuwa amenuna.

"Wewe sikia," alisema kwa kile Kiswahili cha kambi za askari kisichopoteza muda. "Ofisi ya kweli hapana ita mtu kwa nyumba. Hapana sema usiambie ndugu yako. Hiyo mtu iko mbaya."

"Dada yangu hanisikii."

"Basi mimi naenda ongea na yeye."

Alimfuata yaya kesho yake, akiwa na sare, na hakubishana naye hata kidogo. Alimwambia, "Mama, hii kitu kama iko ya kweli, mimi mwenyewe nabeba sanduku yako mpaka ndani. Lakini watoto naacha nyumbani. Tunaangalia kwanza." Yaya alimtazama, akanitazama mimi kwa jicho la pembeni, akakubali. Nadhani alikubali ili atushinde.

Alhamisi asubuhi tukapanda kilima cha Mbuya, sisi watatu, askari akiwa amevaa gauni la maua ambalo nililishona mwenyewe. Nyumba tuliiona. Ukuta mrefu, geti jeusi, hakuna bango lolote. Ng'ambo ya barabara palikuwa na mwanamke anayekaanga chapati chini ya mwavuli, tukakaa kwenye benchi lake tukaagiza chai. Chapati yangu ilipoa mkononi. Yaya alikuwa amevaa kitenge chake cha Pasaka, na bahasha ya karatasi zake zote ilikuwa mapajani.

Alitangulia mama mmoja na wavulana wake. Alishuka kwenye bodaboda, akawanyoosha watoto kola, akasimama karibu na geti. Nilimjua kabla hajageuka. Ni wa kwaya yetu, sauti ya kwanza, anasimama mstari wa mbele.

Yaya akaacha kunywa.

Halafu akaja mwingine na mabinti zake, wamesukwa vizuri, soksi nyeupe. Na yeye wa kwaya. Akamwona mwenzake, akajifanya hakumwona, akaenda kusimama upande mwingine wa geti kama anayesubiri mtu. Akaja wa tatu. Wanawake ambao Jumapili huimba mabega yamegusana, walisimama mbali mbali kando ya ukuta ule, kila mmoja akitazama barabara, kila mmoja akiwa na siri yake, na siri ilikuwa moja. Watoto tu ndio walisalimiana.

Askari alisimama taratibu, akasogea nyuma ya mwavuli kuwapigia simu wenzake. Wakati huo mlango mdogo wa geti ukafunguka. Mwanamume aliyevaa shati safi alitoa kichwa, akatabasamu, akamwita kwa kidole yule mama wa mabinti.

Nilitaka kupiga kelele. Lakini ningepiga kelele ya nini? Kampala ukilia mwizi, watu wanakuja na mawe kabla ya kuuliza mwizi ni yupi, na hapo barabarani waliosimama bila maelezo walikuwa ni sisi, wageni, na watoto wetu. Yule mama alikuwa ameshamshika binti yake mkubwa mkono, anavuka mtaro.

Aliyeanza kuimba si mimi. Ni yaya.

Alikuwa bado amekaa kwenye benchi, bahasha mapajani, macho ameyafumba. Aliuimba ule wimbo wa anwani, herufi kwa herufi, kwa ile sauti yake inayopasua bati. Mwanamke wa chapati alishtuka. Nami nikaungana naye. Wale kando ya ukuta waligeuka. Na kwa sababu mtu wa kwaya hawezi kusikia mstari ukianza akauacha peke yake, mmoja akaupokea kwa midomo tu, kisha wa pili, mpaka yule wa mtaroni naye akawa anaimba mguu mmoja huku na mwingine kule. Watoto wakaingia. Tulipofika kwenye ile herufi ya kurudia, tulipiga kofi sote, pande zote za barabara, kwa pamoja.

Wakatazamana. Niliona kila mmoja akimhesabu mwenzake, akiona nguo za sikukuu, akiona bahasha. Yule wa mtaroni akamvuta binti yake kifuani kwa nguvu hata mtoto akalia. Yule mwanamume mlangoni hakuwa anatabasamu tena. Alitutazama sote kama anayetaka kutukumbuka, akafunga mlango, tukasikia komeo.

Polisi walichelewa, kama kawaida, na walipoingia hawakumkuta mtu. Nyuma kulikuwa na ngazi iliyoegemezwa ukutani. Askari wetu aliingia nao, akarudi akiwa ameshika kichwa. Alituambia kulikuwa na viti vimepangwa na kitambaa cha bluu ukutani. Alinivuta pembeni, yaya asisikie, akasema jikoni kulikuwa na sahani nyingi zimeoshwa, bado zinachuruzika maji.

"Hiyo sahani iko mingi," alisema. "Watu nalala hapa jana."

Tulipofika Kansanga yaya aliingia kibarazani kwangu, akaichukua sufuria yake kubwa miguuni pa cherehani, akaiweka kichwani. "Unisamehe, mudogo," akasema, akaenda kupikia watoto. Niliinama juu ya meza nikalia mpaka kitambaa cha mteja kikalowa.

Jumapili iliyofuata kanisa lilijaa. Mwalimu wa kwaya alisimama, akatubu mbele ya watu ingawa hakuna aliyemlaumu, akasema wimbo ule utaimbwa bila herufi ya ziada, au usiimbwe. Tukapanga mistari. Sauti ya kwanza tulikuwa wote. Sauti ya pili palikuwa na nafasi wazi, pana, ya mtu mnene. Tukangoja kidogo, tukidhani amechelewa, maana huchelewa. Ndipo nikakumbuka kile kinu kilichogawiwa.

Jirani yake alitueleza akiwa amesimama mlangoni pa kanisa. Yule mama aliondoka Jumatano mchana na mabinti zake pacha, mmoja kila mkono. Alisema Mungu amemkumbuka. Alisema aliomba apangiwe mapema, kwa sababu hakuweza kungoja mpaka kesho, na yule mtu wa simu akamwambia aje, hakuna tatizo, kuna mahali pa kulala. Alicheka, jirani anasema, mpaka anafika barabarani alikuwa bado anacheka.

Tuliandikisha taarifa polisi. Yule mteja wangu amefuatilia mpaka wakubwa wake wamechoka kumwona. Ile ofisi ya kweli imebandika maonyo, na ule ukurasa wa uongo umezimwa, sasa kioo kinabaki cheupe kama mwanzo. Simu ya mama yule haipatikani. Yaya bado anangoja kesi yake, na kila anapoitazama huja kwangu kwanza, tunaweka ncha ya sindano chini ya kila herufi, na hata zikiwa sawa naanza kuzihesabu upya. Sauti nzuri ya mwanamume ikinisalimia kwa lugha ya kwetu, naangalia mahali pa kukimbilia. Watoto bado wanaruka kamba kwa ule wimbo wa zamani. Tumewagombeza, tumewachapa, wanasahau.

Kanisani tunauimba ule mpya. Mguu ukifika pale, hakuna kofi, na kila mtu husikia lilivyokosekana.

Kinu chake kiko kwa jirani, nje, kando ya mlango. Jirani hakitumii. Anasema kitu hiki kilitolewa na mtu anayesafiri, na kama hajafika alikokuwa anakwenda, basi bado ni chake. Siku hizi mvua ni nyingi Kampala. Kila asubuhi jirani huinamisha kile kinu, humwaga maji yaliyoingia, na kukisimamisha tena.